Mdundo Chini ya Nyasi za Wath Gardens

Dalmas Odero hakuzaliwa kiziwi. Masikio yake yalimtoka polepole, kwa miaka kumi na miwili, ndani ya kiwanda cha kuchambua pamba alikokuwa fundi wa mikanda. Mle ndani mikanda mirefu ilipita juu ya vichwa vya wafanyakazi, kutoka kwenye injini kubwa hadi kwenye mashine za pamba, ikipiga kelele kutwa nzima, na hakuna aliyewahi kupewa hata hiyo pamba yenyewe azibe masikio. Kiwanda kilipofungwa mwaka wa 1985, sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa kabisa. La kulia lilibaki likisikia mtu akipaza sauti karibu nalo, au radi ikipiga jirani.

Alichobaki nacho ni viganja. Akiweka kiganja juu ya chuma kinachotetemeka, Dalmas aliweza kukuambia ni beringi gani imechoka, ni nati gani imelegea, na mkanda umebakiza siku ngapi kabla haujakatika. Hakuwa akijisifu. Alisema tu, kwa sauti ya juu kama wasemavyo watu wasiosikia sauti yao wenyewe, kisha akafungua spana na kuonyesha.

Mkewe, Dorca, alikuwa akikaanga mgongo wazi pale mtaani Obunga, ile mifupa ya samaki inayobaki viwandani baada ya minofu kuondolewa. Wawili hao walikuwa na namna yao ya kuzungumza. Dorca alimshika kifundo cha mkono kwanza, ili amtazame, ndipo akasema taratibu, akiufungua mdomo vizuri. Gizani hawakuzungumza. Walilala.

Mwaka wa 1986 Dalmas alipata kazi Wath Gardens, nyumba ya wageni iliyokuwa ufuoni, upande wa kusini wa mji wa Kisumu. Ilikuwa na vyumba kumi na vinne, veranda ndefu, na kiwanja cha nyasi kilichoteremka hadi kwenye mafunjo ya ziwa. Watu walikuja kutoka mjini kufanyia harusi pale kwa sababu ya zile nyasi. Kazi ya Dalmas ilikuwa kuzikata, kwa mashine nyekundu ya kukalia, yenye usukani, gia tatu na visu viwili chini ya tumbo, iliyoachwa na mzungu wa zamani pamoja na ufunguo wake na kitabu chenye kurasa zilizoliwa na mchwa. Wafanyakazi wengine waliiita trekta. Yeye aliiita mashine.

Kwa miaka kumi na mmoja mashine ile ilimsumbua kwa jambo moja tu, mkanda wa kuendesha magurudumu. Aliyajua magonjwa yake yote. Mkanda uking'aa pembeni kama kiatu kilichopigwa rangi, unateleza, na mashine inakosa nguvu mlimani. Ukilowa oili, unanuka na kuvimba. Springi ya puli ya kukazia, kile kigurudumu kinachoubana mkanda, ikilegea, mkanda unaning'inia na kuruka kila unapokata kona. Puli ikipinda kwa kugonga kisiki, mkanda unaliwa upande mmoja, na ukiupapasa unaona nyuzi zimetoka nje kama ndevu. Kwa kila ugonjwa alikuwa na dawa. Ikibidi mkanda mpya, aliuvaa ule wa zamani shingoni na kutembea hadi mjini, kwenye duka la spea la Bildad Irungu.

Irungu alikuwa Mkikuyu wa Murang'a aliyefika Kisumu zamani na sanduku moja la spea, akaoa hapo, akabaki hapo. Mikanda halisi ya mashine ile haikuwa ikipatikana mahali popote, kwa hiyo alikuwa amepiga misumari miwili kwenye kaunta, na juu yake wakapima mikanda ya magari mpaka wapate unaolingana. Waliheshimiana. Irungu aliinama hadi kwenye sikio la kulia na kupiga kelele, na wateja wengine dukani wakadhani wanagombana.

Mambo yalianza Oktoba ya 1997, zile mvua kubwa ziliposhuka na kukataa kukoma. Nyasi zilikua hata ukitazama. Ijumaa moja, mvua ikiwa imepumzika na jua limetoka kali, Dalmas alikuwa akikata sehemu ya chini ya kiwanja, hatua kama sitini kutoka majini, mkanda ukaruka. Mashine ikasimama, injini ikiunguruma bure.

Aliizima, akaisukuma hadi kwenye sakafu ya saruji nyuma ya jiko, akainua upande mmoja juu ya matofali na kulala chali chini yake. Mkanda ulikuwa mzima. Haukung'aa, haukulowa, haukuwa na ufa. Akazungusha puli ya kukazia kwa kidole. Ilizunguka bila kuyumba. Akavuta springi, nayo ikamvuta yeye. Akapapasa vile vyuma vidogo vinavyouzuia mkanda usitoke njiani. Vyote vilikuwa vimenyooka. Akaurudisha mkanda, akakata upande wa juu mpaka jioni bila shida.

Jumatatu akarudi chini. Mkanda ukaruka pale pale.

Jumatano ukaruka tena, na safari hii, kabla haujaruka, Dalmas alisikia kitu kupitia kiti. Nasema alisikia kwa sababu mwenyewe hakuwa na neno lingine. Kilikuwa ni mdundo. Ulikuja kwa mapigo mawili mawili: du-du, kisha kimya kidogo, kisha du-du. Ulipanda kutoka kwenye chuma, ukaingia kwenye nyonga, ukamfika kifuani.

Hakuogopa. Alifurahi, kwa kweli, kwa sababu mdundo ni dalili, na dalili inakupeleka kwenye ugonjwa. Mkanda wenye uvimbe unapiga mara moja kila unapozunguka. Puli iliyopinda inapiga haraka zaidi, kwa sababu puli ni ndogo. Kisu kilichopoteza uzito upande mmoja kinapiga haraka kuliko vyote. Na midundo yote hiyo inafuata injini. Ongeza mafuta, mdundo unaongezeka. Punguza, unapungua.

Dalmas akaongeza mafuta. Mdundo haukubadilika.

Akatoka gia ya kwanza akaingia ya tatu, akapita pale tena kwa kasi. Du-du. Kimya. Du-du. Mwendo ule ule, kama wa mtu ambaye hana haraka.

Siku mbili zilizofuata alifanya kazi kama fundi anavyotakiwa kufanya, kitu kimoja kimoja. Alibadilisha mkanda. Mdundo ukabaki. Alivua visu vyote viwili na kuendesha mashine bila visu. Mdundo ukabaki. Aliweka beringi mpya kwenye puli ya kukazia, akakaza injini kwenye boliti zake, akafunga gurudumu la mbele lililokuwa likicheza. Aliporudi dukani mara ya tatu wiki hiyo, Irungu aliuchukua mkanda shingoni mwake, akaukunja mbele ya taa, akautazama ndani na nje.

"Mzee Dalmas!" akapiga kelele sikioni. "Huu nilikuuzia juzi! Uko sawa kabisa! Shida haiko kwa mkanda!"

"Najua," akasema Dalmas. "Nimeshatoa kila kitu. Sijui nitoe nini tena."

Irungu akafikiri, akachukua kalamu na kuandika juu ya kipande cha boksi: UMETOA INJINI?

Alikuwa anatania. Lakini Dalmas alisimama pale kaunta akikitazama kile kipande cha boksi mpaka Irungu akaacha kucheka.

Kesho yake, saa saba mchana, aliiendesha mashine hadi mahali pale na kuisimamisha. Hewa ilikuwa imetulia, ziwa jeupe kwa jua, na wageni wote walikuwa ndani wakila. Akazima kwa ufunguo. Injini ikatetemeka mara ya mwisho, ikafa. Visu vikapunguza mwendo, vikasimama. Akangoja mpaka chuma chote kimetulia chini yake, kimekufa kama jiwe. Kisha akaweka viganja vyote viwili juu ya vifuniko vya magurudumu.

Du-du. Kimya. Du-du.

Alikaa pale, asijue ni kwa muda gani. Jua lilimchoma. Baadaye akashuka, akapiga magoti, akaweka kiganja chini kwenye nyasi. Ulikuwa na nguvu zaidi huko. Akachukua spana kubwa na kuipigisha ardhini mara tatu, kama mtu anayebisha hodi.

Mdundo ukanyamaza.

Akahesabu polepole. Alipofika arobaini na kitu, ukaanza tena, lakini taratibu kuliko kwanza, kama mtu aliyeacha kazi yake kidogo akasikiliza, kisha akairudia huku bado ametega sikio.

Dalmas aliisukuma mashine hadi juu kwa mikono. Hakuthubutu kuiwasha.

Nyumbani Dorca alimwona anavyoshika bakuli, akamgusa kifundo cha mkono.

"Baba Adero. Kuna nini?"

Adero alikuwa binti yao aliyeolewa Bondo. Dalmas alimweleza mkewe yote, na kwa kuwa hakuwa na uwezo wa kunong'ona, Dorca alilazimika kufunga mlango na dirisha. Aliposikia habari ya kubisha na kunyamaza, alikaa chini.

"Umemwambia nani?"

"Wewe tu."

"Basi ishie hapo." Aliufungua mdomo vizuri ili kila neno lionekane. "Wewe husikii mtu akikuita mlangoni. Ukiwaambia umesikia kitu chini ya ardhi, watasema ile shida ya masikio imepanda kwa kichwa. Watakufukuza kesho."

Dorca alisema kweli, na Dalmas alilijua hilo. Hata hivyo alirudi kiwanjani, mahali pale, na vijiti viwili na uzi. Alivichomeka kila upande, akauvuta uzi ukanyooka, akapima katikati. Ardhi ilikuwa imeshuka kiasi cha kiganja kizima. Kwa macho hungeona, kwa sababu nyasi zilikuwa zimefunika, lakini gurudumu la mbele lilipoingia pale, chesesi, yaani fremu ya chuma ya mashine, ilijipinda kidogo, puli zikaacha kutazamana, na mkanda ukapanda ukingoni na kuruka. Ugonjwa wa mkanda ukawa umepatikana. Mashine haikuwa na kosa lolote tangu mwanzo. Siku nyingine angefurahi.

Aliacha kukata mahali pale. Alipita kando, na nyasi zikapanda, kiraka kirefu chenye umbo la yai katikati ya kiwanja kilichonyolewa. Kila siku alisimamisha mashine pembeni, akazima, akaweka kiganja. Mdundo ulikuwapo. Siku za mvua kubwa, ziwa lilipokuwa limepanda na mafunjo yamezama nusu, ulikuwa karibu zaidi. Siku hizo alirudi nyumbani bila hamu ya kula. Alianza kuutazama mlango wa nyumba yake muda mrefu, kama mtu anayengoja hodi yake irudishwe, na Dorca akimuuliza anatazama nini, alisema hatazami kitu.

Desemba kukawa na harusi kubwa. Meneja wa Wath Gardens alikuwa mama mmoja aitwaye Gakenia, mtu wa miaka arobaini hivi, mwepesi wa miguu na wa maneno, aliyeweka mahali pale safi bila msaada wa mwenye mali, ambaye aliishi Nairobi na kupiga simu tu. Alhamisi kabla ya harusi alishuka kiwanjani na karatasi mkononi, Walubengo wa getini akimfuata na kamba za kupimia hema. Walubengo alikuwa Mbukusu mkubwa, mpole, aliyelinda geti lile kwa miaka saba.

Gakenia alisimama mbele ya Dalmas. Alijua inabidi atazamwe.

"Bwana Dalmas, hapa ndipo hema ya maharusi itakaa. Mbona nyasi zimefika magotini?"

"Madam, hapa chini hapako sawa."

"Ni mkanda tena? Si ulinunua mwingine kwa Irungu?"

"Mkanda ni mzima. Mashine ni nzima." Alitafuta maneno, akayakosa. Akaona kwamba akieleza, ataonekana mwendawazimu, na asipoeleza, Jumamosi watu mia tatu watakaa pale juu na viti na sufuria na keki. Basi akaiendesha mashine hadi ukingoni mwa zile nyasi ndefu, akaizima, akashuka. "Kalia, Madam."

Gakenia akacheka. Kisha akautazama uso wa mzee, kicheko kikamwisha. Akampa Walubengo zile karatasi, akakusanya sketi yake, akapanda.

"Weka mikono hapa," akasema Dalmas, akionyesha usukani. "Tulia. Usitingishike."

Yeye mwenyewe aliweka kiganja kimoja kwenye kifuniko cha injini, ili ahisi kile kile anachokihisi yule mama. Mara ya kwanza uso wa Gakenia ulikuwa wa mtu anayemvumilia mzazi. Mara ya pili alikunja kipaji. Du-du. Dalmas aliona vidole vya Gakenia vikikaza kwenye usukani. Du-du. Walubengo alisimama hatua tano nyuma akiangalia huyu na yule, hajui kinachoendelea. Ndege mmoja wa majini alitembea kwenye nyasi fupi, akafika karibu na zile ndefu, akageuka akarudi.

Kisha Gakenia aligeuza uso kuelekea ziwani na kusema kitu.

"Sijaona mdomo, Madam," akasema Dalmas. "Umesema nini?"

Gakenia alitikisa kichwa. Alishuka haraka, kiatu kimoja kikabaki kwenye nyasi, na hakukirudia. Alipanda mteremko na kiatu kimoja, akaingia ofisini, akafunga mlango. Walubengo ndiye aliyempelekea kile kingine. Dalmas alimuuliza Walubengo baadaye kama alisikia alichosema, na Walubengo akasema alisikia, lakini kilikuwa Kikikuyu, na hakielewi.

Hema ilipigwa upande wa kuegesha magari. Wenye harusi walilalamika sana. Gakenia aliwaambia kuna nyoka kule chini, akaamuru kiraka kile kizungushiwe kamba, na siku ya harusi Dalmas alisimama kwenye kamba asubuhi hadi jioni kuwazuia watu. Alikuwa amevua viatu. Wageni walicheza, spika zilikuwa kubwa, na vishindo vya wachezaji alivisikia nyayoni vizuri. Na chini ya vile vishindo, ule mdundo mwingine uliendelea na mwendo wake wenyewe. Haukufuata muziki.

Jumanne moja ya Januari, 1998, saa nne asubuhi, Dalmas alikuwa akikata nje ya kamba. Kama kawaida alisimama, akazima injini, akaweka kiganja.

Hakukuwa na kitu.

Alibadilisha mkono. Akahesabu hadi mia, akahesabu tena. Chuma kilikuwa kimekufa, na ardhi imekufa. Ilipaswa awe amepata nafuu. Badala yake akautoa mkono juu ya chuma, kwa sababu aliwahi kuujua ukimya kama ule. Kule kiwandani, mkanda mkubwa ulipokatika, kulikuwa na muda mfupi ambapo mtetemo wote ulitoka sakafuni. Hapo mkanda ulikuwa umeshaachia puli na uko hewani, na bado haujampiga mtu. Siku moja alikuwa amesimama karibu na mwenzake aitwaye Nabututu, sakafu ikanyamaza hivyo chini ya miguu yao, naye Dalmas akainama bila kufikiri. Nabututu hakuinama. Walimzika Jumapili.

Dalmas alishuka kwenye mashine. Aliuacha ufunguo mahali pake. Hakukimbia, maana alihisi kwamba kukimbia ni kukanyaga kwa nguvu. Alitembea juu mteremkoni kama mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala, hatua moja, nyingine, mpaka akafika kwenye bomba la maji la bustani, akalishika, akageuka.

Alichoona hakikuwa na sauti. Zile nyasi ndefu ndani ya kamba zilishuka. Hazikuanguka, zilishuka zote pamoja, zimesimama wima, kama watu walio juu ya lori linaloteremka. Kamba ikakazika, vijiti vikang'oka. Ukingo wa shimo ukatambaa hadi kwenye mashine nyekundu. Gurudumu la mbele likainama. Mashine ikakaa hivyo kidogo, kiti kikitazama juu, kisha ikaingia. Nyayoni mwake Dalmas alisikia pigo moja tu, la chini sana, halafu hakusikia tena.

Walubengo alikuja mbio kutoka getini, mdomo wazi, akipiga kelele ambazo Dalmas hakuzisikia. Alimshika mzee mabega, akamtazama kichwani na miguuni kuona kama ni mzima.

Shimo lilikuwa la upana wa nyumba ndogo, na kingo zake zilikuwa zimekatika sawasawa. Ndani kulikuwa na maji meusi, yametulia. Hayakuonyesha hata povu pale mashine ilipoingia. Walubengo alifunga jiwe kwenye kamba na kuliteremsha. Kamba ikaisha. Akaongeza nyingine, ikaisha. Akaongeza ya kuanikia nguo za wageni. Ilipoisha hiyo pia, aliitazama mikono yake kidogo, kisha akaziachia kamba zote.

Mhandisi mmoja alikuja akasema ni tangi la maji la wazungu wa zamani. Mwingine akasema ni choo chao. Waliulizwa tangi gani la upana ule, na lilikuwa na mlango wapi, wakasema ramani hazipo. Gakenia alifunika shimo kwa mabati. Baada ya wiki mbili upepo uliyatoa mabati, na walipokwenda kuyarudisha walikuta maji yote yamefunikwa na magugu maji, mabichi, yenye maua ya zambarau, yale yale yaliyokuwa yamejaa ziwani. Kutoka shimo hadi ufuoni zilikuwa hatua sitini za ardhi kavu, na hapakuwa na mfereji. Walubengo aliyatazama yale maua, akaenda chumbani kwake, akafunga sanduku. Jioni hiyo alipanda gari la Bungoma na hakurudi kudai hata sare yake.

Ziwa liliendelea kupanda. Kufikia Aprili nusu ya kiwanja ilikuwa chini ya maji, na hukuweza tena kujua shimo lilikuwa wapi. Gakenia alimwita Dalmas ofisini. Hakumfukuza kwa ubaya. Alisema hakuna mashine, hakuna nyasi, na yeye mwenyewe ameomba kazi Nakuru, mbali na maji.

"Madam," akasema Dalmas, "siku ile, ulisema nini?"

Gakenia aliinamia karatasi zake, mdomo usionekane, na Dalmas akajua hatamwambia kamwe, akaondoka.

Yeye na Dorca walirudi nyumbani kwao, kijiji cha nje kidogo ya Bondo, karibu na Adero. Kulikuwa na kinu cha kusaga kisichokuwa na fundi, na mkanda wake ulikuwa umeshonwa na kutiwa viraka mpaka ukafanana na suruali ya mkulima. Dalmas alikinyoosha. Alilinganisha puli kwa uzi, akainua injini kwa vipande vya mbao, na unga ukatoka laini hata akina mama wakawa wanapita vinu viwili vingine ili wafike kwake. Walimzoea haraka, ila jambo moja liliwashangaza. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, alipiga magoti akaweka viganja viwili sakafuni na kukaa hivyo, na hakuna aliyeruhusiwa kutua debe lake chini mpaka asimame. Wengi walidhani anasali.

Mwaka wa 1999 Bildad Irungu alipita Bondo akienda kununua samaki Usenge, akamletea mkanda mpya wa kinu. Alifika asubuhi, akamkuta yuko magotini, na akina mama sita wamesimama na madebe vichwani, kimya. Irungu naye akasimama. Mzee alipoinuka na kupangusa mikono, Irungu, ambaye habari za lile shimo zilikuwa zimemfikia dukani, alimwinamia sikioni.

"Unasikia nini huko chini, Mzee Dalmas?"

"Hapa? Hapa hakuna kitu."

"Na kule kwa Gakenia?"

Dalmas alipokea mkanda, akaukunja, akatazama kingo zake kwenye mwanga wa mlango, moja baada ya nyingine.

"Kule chini kulikuwa na kazi inafanywa," akasema.

Akaupachika mkanda kwenye puli na kuuzungusha kwa mkono, akitazama kama unakaa njiani. Ulikaa. Akawaashiria akina mama waweke mahindi chini, akavuta kamba ya injini.